Mfupa Hauna Kabila: Rai za Wasomaji kuhusu Riwaya ya Uchunguzi wa Maiti, Zikipimwa Kutoka Ufukwe wa Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanapima rai tatu ambazo wasomaji huzitoa mara kwa mara kuhusu riwaya ya upelelezi inayotegemea uchunguzi wa maiti: kwamba inaaminika kwa kuwa mwandishi wake ni mtaalamu, kwamba maabara yake haiko kwetu, na kwamba inawavunjia wafu heshima. Riwaya ya msingi ni Déjà Dead ya Kathy Reichs (1997). Inasomwa sambamba na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) na Baho! ya Mrundi Roland Rugero (2012). Mahali pa kupimia ni Rumonge na ufukwe wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambako makaburi ya halaiki ya mwaka 1972 si jambo la kubuni. Makala yanadai kuwa thamani ya utanzu huu haimo katika maabara. Imo katika kumzoesha msomaji kuuliza "umejuaje?" na kukubali mahali ambapo jibu linakoma. Yanamalizia kwa mapendekezo kuhusu istilahi, tafsiri na usomaji.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuitia riwaya ya upelelezi katika kapu la riwaya pendwa na kuiacha humo. Huelezwa kuwa ni kitabu cha safari, kisomwacho kwa pupa na kusahauliwa kwa wepesi. Uainishaji huo una manufaa yake, lakini umekuwa na athari moja mbaya: msomaji wa riwaya hizi haulizwi ameona nini. Huhesabiwa kama mnunuzi, hasikilizwi kama mhakiki.

Makala haya yanaanzia kwa msomaji huyo. Hatudai kuwa tumefanya sensa ya wasomaji. Tunachukua rai tatu zinazojirudia popote riwaya za aina hii zinapojadiliwa, iwe darasani, maktabani au barazani, na kuzipima kama hoja: zina ukweli gani, na zinakosea wapi?

Kwa "riwaya ya uchunguzi wa maiti" tunakusudia riwaya ya jinai ambayo fumbo lake hufumbuliwa hasa kwa kuusoma mwili wa marehemu: jeraha, jino, mfupa, uzi wa nguo. Utanzu huu ulipata umbo lake la kisasa katika Marekani ya miaka ya 1990, hasa kwa Postmortem ya Patricia Cornwell (1990) na Déjà Dead ya Reichs. Katika Déjà Dead, Temperance Brennan, mtaalamu wa mifupa anayefanya kazi Montreal, anapokea masalia ya wanawake waliouawa na kukatwakatwa. Kwa kuzilinganisha alama ambazo meno ya msumeno yameziacha katika mifupa, anashikilia kuwa muuaji ni mmoja. Mpelelezi Claudel wa polisi anamdharau, na sehemu kubwa ya riwaya ni mvutano kati ya ushahidi wa mfupa na mazoea ya ofisi.

2.0 Kwa nini Rumonge

Riwaya ya Montreal ingeweza kupimwa popote. Tumeichagua Rumonge kwa sababu hapa maswali ya riwaya hiyo ni maswali ya jirani.

Mji huu uko ufukweni, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, katika barabara iendayo Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Ni mji wa wavuvi wa dagaa na mukeke, wa mashamba ya michikichi, na wa jamii kubwa ya Waislamu. Kiswahili kilifika hapa kwa biashara ya ziwani kabla ya kufika kwa vitabu vya shule. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 imekitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Burundi. Kiswahili hakikupewa cheo hicho, lakini kinafundishwa shuleni, na sokoni hakihitaji kibali.

Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianza kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac yakiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha ukaja ukandamizaji wa serikali ya Michel Micombero, ulioenea nchi nzima na kuwaua Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio mengi ya watafiti yanaanzia watu 100,000 na kupanda juu zaidi. Wengine walikimbilia Tanzania na kuwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko walizaliwa watoto waliosoma kwa Kiswahili. Mwaka 2008 na 2009 makumi ya maelfu walirudi, wengi wao katika ukanda huu wa ziwa, wakakuta ardhi ya wazazi wao ikilimwa na watu wengine. Wamerudi na lugha, na kwa lugha hiyo wanaweza kusoma riwaya.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imefukua makaburi ya halaiki katika sehemu nyingi za nchi. Desemba 2021 ilitangaza kuwa yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Kazi yake imepokewa kwa njia mbili: wapo wanaoiona kuwa haki iliyocheleweshwa mno, na wapo wanaoilaumu kwa kufukua zaidi upande mmoja wa historia. Msomaji wa Rumonge anapofungua riwaya ambamo mtaalamu anausoma mfupa, anaifungua akiwa ndani ya mjadala huo.

3.0 Rai ya kwanza: "Ni ya kuaminika, kwa kuwa mwandishi ni mtaalamu"

Sifa inayotolewa zaidi kwa Déjà Dead ni kwamba mwandishi wake anaijua kazi anayoisimulia. Reichs ni mwanaanthropolojia wa mifupa kwa taaluma, na msomaji huona kuwa maelezo ya msumeno na mfupa hayakukopwa kitabuni. Lawama inayotolewa zaidi ni ya upande wa pili: kwamba Brennan huacha maabara na kumfuata muuaji peke yake, hadi hatari inamwingilia nyumbani kwake. Kwa ufupi, msomaji anamwamini mtaalamu na anamshuku shujaa.

Rai hiyo ina haki, lakini inasimama juu ya dhana isiyosemwa: kwamba mtaalamu akisema, mfupa umesema. Dhana hii inaweza kupimwa kwa kesi iliyosikilizwa Arusha, katika eneo letu la Afrika Mashariki, na aliyehusika nayo ni Reichs mwenyewe.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliwatumia wataalamu wa ufukuaji. Mwaka 1996 timu iliyoongozwa na William Haglund ilifukua kaburi la halaiki kanisani Kibuye, kando ya Ziwa Kivu, na ushahidi wake ukasikilizwa katika kesi ya Kayishema na Ruzindana. Haglund alichunguza pia makaburi ya Kigali yaliyohusishwa na kesi ya Georges Rutaganda. Katika kesi hiyo upande wa utetezi ulimwita mtaalamu wa kuyapima matokeo yake, naye alikuwa Kathy Reichs. Hukumu ilitolewa tarehe 6 Desemba 1999. Wakizingatia ushahidi wa Reichs, majaji walisema hawakuridhika kwamba mbinu ya kisayansi iliyotumika iliwawezesha kuyategemea matokeo ya ufukuaji ule. Hata hivyo Rutaganda alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, kwa ushahidi mwingine, hasa wa watu waliosimama kizimbani wakasema waliyoyaona.

Mwandishi ambaye wasomaji wake humsifu kwa kuifanya mifupa iseme alikwenda mahakamani na kueleza kwa nini mifupa ile, kwa jinsi ilivyoshughulikiwa, haikutosha kusemewa. Hakuna mgongano hapo. Mtaalamu wa kweli hujulikana kwa kukubali kwake kuwa mtaalamu mwingine anaweza kumuuliza: ulichimbaje, ulihesabuje, ulitenganishaje, nani alitunza sampuli? Mnyororo wa ushahidi ukikatika mahali pamoja, wingi wa mifupa hauuungi.

Rai ya kwanza basi inahitaji kurekebishwa. Riwaya ya uchunguzi wa maiti haiaminiki kwa sababu mwandishi ana shahada. Inaaminika pale inapomwonyesha msomaji njia iliyofuatwa kutoka kitu hadi kauli, ili naye aweze kuipinga. Kwa kigezo hicho, kurasa bora za Déjà Dead ni zile ambamo Brennan analazimika kumweleza Claudel, mtu asiyemwamini, hatua baada ya hatua. Kurasa dhaifu ni zile za mbio za mwisho, ambamo hatari inachukua nafasi ya hoja. Msomaji anayelalamika kuhusu mwisho huo halalamiki kwa ukosefu wa uhalisia tu. Anahisi kuwa riwaya imeacha kumthibitishia.

4.0 Rai ya pili: "Maabara hii si yetu"

Rai ya pili husikika Afrika Mashariki kote: kwamba riwaya hizi ni za nchi zenye majokofu, darubini na kumbukumbu za meno za kila raia, na kwamba kuzihamishia kwetu ni kuandika njozi. Anayesema hivyo ana hoja. Kumtambua mtu kwa meno kunataka pawe na faili la daktari wa meno, na kumtambua kwa vinasaba kunataka ndugu aliye hai, sampuli yake, na maabara ya kuzilinganisha. Marehemu wa mwaka 1972 aliyetupwa shimoni huenda hana hata kimoja kati ya hivyo.

Hata hivyo, rai hii inachanganya chombo na kazi. Ufukuaji ulioanza Januari 2020 kando ya mto Ruvubu unatufundisha. Tume ilitangaza kupata masalia ya watu zaidi ya 6,000, pamoja na maelfu ya risasi. Baadhi ya marehemu walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Hapakuwa na muujiza wa mashine katika utambuzi huo. Palikuwa na kitu cha mkononi na mtu aliyekikumbuka. Fundi cherehani anayejua mshono wake na mjane anayeijua rozari aliyoinunua wanafanya kazi ileile ambayo Brennan anaifanya kwa alama za msumeno: kuunganisha kitu kimoja na mtu mmoja, na kutoa sababu.

Fasihi ya Kiswahili haikuwa ngeni kwa kazi hii. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, zamani kabla ya vinasaba kuingia mahakamani. Mauaji yanatokea mahali panapoogopwa kwa mizimu, na woga huo ungetosha kufunga kesi. Bwana Msa, akiwa na swahiba yake Najum na Inspekta Seif, anakataa kuufunga. Wahakiki wamezoea kumfananisha na Sherlock Holmes na kuishia hapo. Lililo muhimu kwetu ni jambo jingine: Bwana Msa hana maabara. Ana macho, subira na kiko, na anashikilia kuwa kifo kilicholetwa na mkono wa mtu kielezwe kwa mkono wa mtu. Waliomfuata katika utanzu huu, tangu Faraji Katalambulla wa Simu ya Kifo (1965) hadi Elvis Musiba na Willy Gamba wake, walielekea zaidi kwenye kasi, silaha na njama. Msako ulishinda uchunguzi. Pengo lililobaki si la vifaa, ni la mwelekeo.

Tena, hali ya vifaa imebadilika. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu mwaka 2009, na jina la Mkemia Mkuu wa Serikali ni la kawaida katika habari za mahakama. Kenya, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Kwa miezi mingi wasikilizaji wa redio za Kiswahili walisikia kuhusu upasuaji wa maiti, sampuli za ndugu na miili isiyotambuliwa. Msomaji wa Kiswahili wa leo amekwisha kuingia katika chumba cha maiti kwa masikio. Riwaya ndiyo iliyochelewa.

5.0 Rai ya tatu: "Wafu waachwe wapumzike"

Rai ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na mhakiki asiipuuze kama ushamba. Msomaji anasema kuwa kurasa za mwili uliokatwa zinamvunjia marehemu heshima na kumgeuza kuwa kiburudisho. Mwislamu wa Rumonge anajua kuwa maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa bila kukawia. Katika mila za Burundi msiba una hatua zake hadi kuganduka, yaani kuondoa matanga. Hata Kiswahili chenyewe kinaonya: kwetu "kufukua makaburi" ni msemo wa kulaumu, maana yake kuamsha ugomvi uliolala.

Hoja hiyo ina uzito wote pale mwili unapokuwa pambo la kusisimua, na riwaya nyingi za aina hii zina hatia hiyo. Katika mfululizo mrefu wa miili ya wanawake waliouawa, marehemu hupewa jeraha kabla ya kupewa jina. Lakini hoja hiyo hiyo, ikifikishwa mwisho wake, inageuka. Heshima ya maiti inaanza na kujua ni maiti ya nani. Aliyetupwa shimoni bila kuoshwa, bila sala na bila jina hakupumzishwa, alifichwa. Familia isiyojua siku wala mahali ndugu yao alipofia haina pa kuanzia matanga, seuze kuyaondoa. Kwa marehemu huyo, ufukuaji unaofanywa kwa staha ndio mwanzo wa maziko.

Riwaya ya Rugero inatuonyesha gharama ya upande mwingine, yaani ya jamii inayohukumu bila kuchunguza. Katika Baho!, Nyamuragi ni kijana bubu. Anamwashiria msichana ili aulizie mahali pa kujisaidia. Msichana anaogopa na kupiga kelele, na umati unamkamata kwa jaribio la kubaka na kutaka kumnyonga. Hana ulimi wa kujitetea. Mwili wake unasomwa na watu waliokwisha kuamua maana yake. Baho! si riwaya ya upelelezi, lakini inaonyesha kwa nini upelelezi unahitajika. Methali yetu husema "lisemwalo lipo". Katika nchi iliyopitia 1972 na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1990, methali hiyo ni hatari, kwa kuwa mara nyingi lililosemwa halikuwepo, na mtu akafa.

Hapa ndipo swali la Rumonge linapokuwa gumu kuliko la Montreal. Katika ufukwe uliopitia mauaji ya pande mbili ndani ya majuma machache, mfupa unaofukuliwa unaweza kueleza mengi: kama ni wa mtu mzima au mtoto, pengine kama ni wa mwanamume au mwanamke, kama fuvu lilipigwa au lilipenywa na risasi. Hauwezi kueleza kama ni wa Mhutu au Mtutsi. Hakuna kipimo cha mfupa kinachosoma kabila la Mrundi. Hauwezi pia kumtaja aliyetoa amri. Hayo hutoka katika hati, kumbukumbu na ushahidi wa watu, ambavyo navyo lazima viulizwe. Anayesimama juu ya shimo na kutangaza kabila la mifupa kwa kuitazama tu, kwa upande wowote, ameacha uchunguzi na kurudi kwenye umati wa Baho!.

Riwaya nzuri ya uchunguzi wa maiti ya ufukwe huu ingekuwa basi ile inayojua mahali pa kunyamaza. Ingempa msomaji kitu, njia na hitimisho, kisha ikakiri mpaka wa hitimisho hilo. Msomaji aliyezoea miisho iliyofungwa vizuri huenda akanung'unika. Lakini ndiye msomaji huyo huyo ambaye kesho ataitwa kusikiliza ushahidi kuhusu shimo au shamba.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo matatu kwa watafiti na washauri wa sera.

Kwanza, istilahi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, isanifishe msamiati wa uchunguzi wa maiti: ufukuaji, utambuzi, upasuaji wa maiti, vinasaba, mnyororo wa ushahidi. Baadhi ya maneno haya yanatumika Tanzania na Kenya kwa maana zinazopishana. Kwa Burundi yana haja ya pekee, kwani shahidi aliyekulia Mishamo na mtaalamu aliyesomea Bujumbura huenda wasielewane juu ya kitu kilekile. Neno "kufukua" litenganishwe waziwazi na lawama iliyobebwa na msemo wetu.

Pili, tafsiri. Riwaya za Burundi zilizoandikwa kwa Kifaransa, Baho! ikiwa miongoni mwao, zipewe kipaumbele katika miradi ya tafsiri kwa Kiswahili. Vivyo hivyo muhtasari wa ripoti zinazohusu mwaka 1972 upatikane kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya waliorejea na kwa ajili ya jamaa zao waliobaki Tanzania.

Tatu, usomaji. Shule na maktabu za ukanda wa ziwa ziiruhusu riwaya ya upelelezi kuingia katika mijadala ya darasa, na isiwe kitabu cha mapumziko pekee. Mwongozo wa mjadala usimuulize mwanafunzi "nani muuaji?" tu. Umuulize: mpelelezi alijuaje, nani angeweza kumpinga, na ni jambo gani ambalo ushahidi wake haukuweza kulionyesha?

7.0 Hitimisho

Rai tatu tulizozipima zimeonekana kuwa na msingi, na kila moja imehitaji kusahihishwa. Msomaji ana haki ya kumtaka mtaalamu, mradi asimgeuze kuwa mganga. Ana haki ya kusema maabara haiko kwetu, mradi asisahau kuwa rozari na mshono wa shati ni ushahidi. Ana haki ya kudai staha kwa wafu, mradi staha hiyo isiwe jina jingine la usahaulifu. Mhakiki anayeziita rai hizi mazungumzo ya wasomaji wa riwaya pendwa anapitwa na jambo zito: wasomaji hawa tayari wanajadili namna ukweli kuhusu kifo unavyothibitishwa. Rumonge, mjadala huo unahusu watu waliokuwa na majina, na wengi wao bado hawajarudishiwa.